Si Vumbi, ni Matarishi

Jina jema hung'aa gizani, walinena wahenga. Vivyo hivyo, jina baya huweza kukitia gizani kitu chenye nuru. Mnamo mwaka 1967, mtafiti Peter Wolf aliona katika damu punje ndogo mno zilizotoka kwenye chembe sahani, akaziita vumbi. Kwa miaka mingi punje za jinsi hiyo zilidhaniwa kuwa taka za seli tu.

Ni kweli kwamba baadhi hubeba taka. Hata hivyo, mwaka 2007 watafiti wa Göteborg, Uswidi, walionyesha kwamba vifuko hivi vyenye utando husafirisha RNA kutoka seli moja hadi nyingine, na seli inayopokea huweza kuyafuata maagizo yaliyomo. Kumbe lile vumbi lilikuwa na barua ndani yake!

Jambo hili lamhusu vipi mkazi wa Moi's Bridge, mji ulio kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale? Lamhusu kupitia malaria. Nyanda za Uasin Gishu na Trans Nzoia hukumbwa na milipuko ya malaria, na kule Bungoma ugonjwa huo ni wa kudumu. Mwaka 2013, tafiti mbili zilibainisha kwamba seli nyekundu zilizoambukizwa hutoa vifuko hivi. Kwavyo vimelea hupashana habari na kuchochewa kugeuka umbo lile linalochukuliwa na mbu. Adui naye ana matarishi wake.

Elimu hii isipowafikia watu kwa lugha yao, walaghai watatangulia. Desemba 2019, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wagonjwa huko Nebraska kudhurika kwa bidhaa zilizodaiwa kuwa na eksosomu, ilhali hakuna hata moja iliyokuwa imeidhinishwa. Mgonjwa asiye na neno atauliza swali gani?

Wapo wadaio kwamba Kiingereza chatosha. Dai hilo ni dhaifu. Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na TUKI ilikwisha kuchapa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Njia ilikwisha fyekwa. Kilichobaki ni kuipita.

Istilahi "eksosomu" hutaja aina moja tu ya vifuko hivi. "Vifuko vya nje ya seli" hutaja mahali, haitaji kazi. "Vifuko-tarishi" hutaja kazi, na muuza mahindi wa Moi's Bridge ataielewa bila mkalimani. Mji huo wenyewe uliwahi kuitwa Hoey's Bridge. Wakazi wake wanajua kwamba jina si jambo la mzaha. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili nao walijue hilo, waketi na wanabiolojia, wavipe vifuko hivi jina kabla ya wafanyabiashara kuvibandika lao.