Mvinyo si mtihani, wasee

Mwezi jana niliitwa kurekodi video kwa hoteli moja ya Kiitaliano huku Malindi. Nikashika glasi ya mvinyo. Jamaa wa meza ya pili akanicheka: "Kijana, hiyo lazima uisomee kwanza."

Manze, mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Hilo neno lilinichoma.

Nikaenda kusoma, lakini kivyangu. Na nimegundua kitu: vyakula vingi vya Italia vya msimu wa baridi, vile huku tunauziwa bei ya kuumiza, vilianza kwa jikoni za wakulima. Kule kaskazini, Lombardia na Veneto, kuna polenta. Ni unga wa mahindi na maji moto, unakoroga mpaka mkono ulie. Si huo ni ugali na passport? Toscana wana ribollita: maharagwe, mkate uliolala, na mboga nyeusi ambayo ni ndugu ya sukuma wiki. Jina lenyewe maana yake ni "iliyochemshwa tena". Ni kiporo, watu wangu!

Sasa mvinyo unaingia wapi? Wakulima wale hawakusomea. Walikunywa uliotoka shamba la karibu. Ribollita inaenda na Chianti kwa sababu vyote ni vya Toscana. Modena, Mwaka Mpya ukifika, wanakula cotechino, soseji nono ya nguruwe, pamoja na kamande. Pembeni kuna Lambrusco: mwekundu, una gesi, mchachu. Unakata mafuta mdomoni vile kachumbari inakata mafuta ya nyama choma.

Sawa, si kila kitu ni cha maskini. Piemonte wanapika nyama ya ng'ombe polepole ndani ya Barolo, na Barolo si bei ya mama mboga. Lakini akili ni ile ile: chakula kizito kinataka mvinyo wenye nguvu, chakula cha mafuta kinataka uchachu. Ulimi wako unajua hayo tayari.

Namheshimu mtu aliyesomea mvinyo. Simheshimu anayetumia glasi kupima nani anastahili kukaa mezani.

Kama hujafikisha 18, wewe kula ribollita na maji, bado ni tamu. Na ukichekwa, muulize huyo mtu polenta ni nini. Akinyamaza, usimcheke. Mkaribishe ugali.