Theluji Isiwe Shahidi wa Kwanza

Vumbi la Mwakitolyo lajulikana na kila afikaye huko Shinyanga, kwa kuwa laonekana. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, na kwa sababu hiyo watu wengi huudharau.

Kila mfanyakazi wa mwaloni aijua kazi yenyewe. Mawe hutwangwa kwa karasha, mchanga huoshwa, zebaki hutiwa ili ishikane na dhahabu, kisha donge huchomwa motoni. Zebaki huchemka ifikapo nyuzi 357. Dhahabu hubaki, nayo zebaki huruka. Yaenda wapi? Sehemu yake huingia katika mapafu ya mchomaji, na ya mkewe na watoto ikiwa jiko ni la nyumbani. Iliyobaki yaweza kukaa angani miezi mingi, ikavuka bahari, ikashuka pamoja na mvua au theluji katika nchi zisizochimba hata chembe ya dhahabu. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015, wachimbaji wadogo wa dunia nzima walirusha hewani tani zipatazo 838, yaani kiasi cha asilimia 38 ya zebaki yote itokanayo na kazi za binadamu.

Huko Marekani wataalamu walitoboa barafu ya mlimani Wyoming, mwaka 1991 na tena 1998, wakapima zebaki tabaka baada ya tabaka. Mwaka 2002 walitangaza kwamba wameiona hata ile ya wachimba dhahabu wa karne ya 19. Mwaka 2017 wenzao wakazipinga tarehe zao. Ubishi huo ni halali. Lakini wachimbaji waliovuta mvuke ule walikwisha kufa zamani, na hata leo ni barafu inayohojiwa juu ya habari zao! Sisi barafu yetu ya Kilimanjaro inayeyuka. Hata shahidi huyo hatutakuwa naye.

Kwa hiyo twasema kipimo cha kwanza kiwekwe mwaloni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, nao wataka uchomaji wa wazi ukomeshwe, pamoja na ule wa kwenye makazi. Chombo cha kuchomea kilichofungwa, chenye bomba la kupoza mvuke ili zebaki irudi kuwa maji, hakimshindi fundi chuma hodari. Wenye leseni wakigharimie, wasimwachie kibarua mzigo huo. Na wapimaji wa Serikali wakiisha kupima hewa na mkojo wa wafanyakazi, majibu yasomwe hadharani pale pale Mwakitolyo, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, kabla hayajafungiwa katika faili.