Wakamba nao hawakuwa na mfalme

Athens ya kale husifiwa kana kwamba ndiyo pekee iliyojitawala bila mfalme. Wakamba wa Machakos nao hawakuwa na mfalme: mambo ya utui, yaani kijiji, yaliamuliwa na wazee wa nzama, yaani baraza lao.

Tofauti ipo, tena kubwa. Kwenye kilima cha Pnyx, raia wa Athens walipokutana, hata raia kijana alipiga kura, na maamuzi fulani yalihitaji watu 6,000. Katika nzama, umri ndio uliompa mtu kiti. Lakini wanawake wa Athens hawakupiga kura kabisa, wala watumwa.

Hata bila mfalme, Wakamba waliweza kusimama pamoja. Mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipouza mifugo yao kwa nguvu, waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakataka kumwona gavana. Mbingu alipelekwa uhamishoni Lamu, lakini uuzaji huo ulisitishwa.