Mdogo Aseme Kwanza

Bwana Mhariri ameniomba niandike maneno machache kwa ajili ya gazeti letu la muhula huu, nami nimekubali kwa furaha, maana mimi pia nilisoma katika shule hii. Nilikula ugali na maharage katika bwalo hili hili, na siku moja nilipewa adhabu ya kufyeka majani nyuma ya maabara. Kosa langu nitalieleza mbele, kwa kuwa lina uhusiano na shauri ninalotaka kulitoa.

Kazi yangu sasa ni jiofizikia, katika chuo kikuu kimoja hapa Tanzania. Jiofizikia ni elimu ya kuipima dunia ndani bila kuipasua, kama vile daktari anavyosikiliza kifua cha mgonjwa bila kumfungua. Sisi twasikiliza matetemeko ya ardhi, twapima nguvu ya sumaku ya miamba, na twatazama kwa msaada wa setilaiti jinsi nchi inavyosogea. Tena nchi yetu ni mahali pazuri sana kwa kazi hii, kwa sababu Bonde la Ufa lapita humu, na pande zake mbili zaachana kwa milimita chache kila mwaka.

Kila Jumatano saa nane mchana ninaongoza baraza la mazungumzo. Huja watu kama ishirini: wanafunzi wa shahada ya pili na ya tatu, walimu wao, na wataalamu wachache wanaofanya kazi katika ofisi za madini na za maji. Mtu mmoja huleta kazi yake, wengine huichambua, na chai na maandazi huwapo. Nimeliongoza baraza hili miaka mingi, na kwa miaka ya kwanza nililiongoza vibaya. Nataka niwaelezeni jinsi lilivyokuwa, maana nadhani ubaya ule haukuwa wangu peke yangu. Upo pia madarasani, na hata majumbani.

Zamani zile desturi yetu ilikuwa hivi. Mimi mwenyewe nikianza kusema, husema nusu saa au zaidi. Baada yangu husema walimu wenzangu kwa kufuata ukubwa wao. Saa ikikaribia kwisha, nauliza, "Wanafunzi mna swali?" Wao hunyamaza, nami hufunga kikao nikiwa nimeridhika, nikidhani kunyamaza kwao ni kukubali.

Siku moja nilileta ramani ya matetemeko madogo madogo tuliyoyapima upande wa kaskazini, karibu na Bonde la Ufa. Katika ramani ile matetemeko yalijipanga kwenye mstari mahali ambapo hakuna ufa wowote uliopata kujulikana. Nikasema kwa furaha kwamba tumegundua ufa mpya. Wenzangu wakanipongeza. Mwanafunzi mmoja, aliyekuwa mdogo kuliko wote, alikaa kwenye benchi la nyuma, ana daftari mapajani, asiseme neno.

Miezi michache baadaye nilisafiri kwenda kwenye mkutano wa wataalamu ng'ambo, nikaionyesha ramani ile. Mzee mmoja akasimama, akaniuliza kwa upole kama nilikuwa na hakika na saa za vituo vyangu vyote. Sikuwa na jibu.

Yafaa nieleze kwa nini swali lile lilikuwa zito. Tetemeko likitokea, hutuma mawimbi ya namna mbili. Wimbi la kwanza hupita katika miamba kwa mwendo wa kilomita kama 6 kwa sekunde, na la pili hufuata polepole, kilomita kama 3 na nusu kwa sekunde. Ukihesabu sekunde zilizopita kati ya wimbi la kwanza na la pili, ukazidisha kwa 8, wapata kwa makadirio umbali wa tetemeko kwa kilomita. Hesabu hii hata mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuifanya. Lakini ili kujua mahali penyewe kwa usahihi, twalinganisha nyakati za vituo kadhaa, na kila kituo hupata saa yake kutoka kwenye setilaiti. Saa ya kituo kimoja ikikosea sekunde 2, ni sawa na kusema uongo wa kilomita 12. Vituo vikiwa vichache, uongo huo hulivuta tetemeko kando ya mahali pake pa kweli.

Niliporudi nikamwita yule kijana, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akienda kubadilisha betri za vituo. Akafungua daftari lake. Palikuwa pameandikwa, kwa mwandiko safi, kwamba katika kituo kimoja panya walitafuna waya wa kupokelea saa, na kwamba saa ya chombo imechelewa karibu sekunde 2. Tarehe ilikuwapo pia. Nikamwuliza, "Mbona hukusema siku ile?" Akainama, akajibu, "Mwalimu, nilidhani unajua."

Ndugu wasomaji, jibu lile lilinichoma kuliko aibu niliyoipata ng'ambo. Kijana yule hakuwa mzembe. Alifanya kazi yake vizuri kuliko mimi. Alinyamaza kwa sababu sisi wakubwa tulimfundisha kwamba kunyamaza ndiyo heshima.

Wala msidhani kwamba haya ni mambo ya wataalamu tu, ya kubishania sekunde na mistari. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera. Watu zaidi ya kumi walikufa, nyumba nyingi zilianguka, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika. Watu wanaotaka kujenga shule au zahanati huuliza wapi pana hatari na wapi pana nafuu, na jibu hutoka katika ramani kama ile yangu. Laiti ramani ile ingalichapwa na kuaminiwa, ingewaogopesha watu waliokaa mahali pa salama, na kuwatuliza waliokaa juu ya hatari.

Historia ya elimu hii yenyewe yatufundisha hayo. Mwaka 1912 Mjerumani mmoja, Alfred Wegener, alisema kwamba mabara yalikuwa yameungana zamani, kisha yakaachana. Yeye alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa, na wataalamu wengi wa miamba walimwona kama mgeni aliyeingia shamba lisilo lake. Ni kweli kwamba hakuweza kueleza vema nguvu inayoyasukuma mabara, na katika jambo hilo waliompinga walikuwa na haki. Lakini wengi walitupa na ushahidi wake pia. Wegener alikufa Greenland mwaka 1930, kabla ya kukubaliwa.

Mwaka 1962 Harry Hess wa Princeton akaandika kwamba sakafu ya bahari hufunguka katikati, na miamba mipya huzaliwa pale. Mwaka uliofuata, huko Cambridge, Fred Vine, mwanafunzi wa shahada ya juu mwenye umri wa miaka 24, pamoja na mwalimu wake Drummond Matthews, walichapa maelezo ya namna ya kulijaribu wazo hilo. Mwamba wa moto ukipoa, hushika sumaku kwa kufuata upande wa sumaku ya dunia wakati ule. Sumaku ya dunia imegeuka mara nyingi katika historia yake. Basi kama sakafu ya bahari hufunguka, yapasa pawe na milia ya sumaku, ya huku na ya huko, iliyolingana pande zote mbili za ufa wa bahari. Na ndivyo ilivyoonekana.

Mwaka huo huo wa 1963 Mkanada mmoja, Lawrence Morley, alikuwa na wazo lile lile. Alilipeleka kwenye magazeti mawili ya kisayansi, yote yakalikataa. Mmoja wa waliolisoma alisema kwamba mambo kama hayo yafaa kwa mazungumzo ya karamuni. Nadhani tofauti yapaswa kututia mawazo. Kijana wa Cambridge alikuwa na mwalimu aliyekaa naye meza moja, akamsikiliza, akatia jina lake pamoja naye. Morley hakupata msikilizaji.

Baada ya mkasa wangu nilibadilisha taratibu za baraza. Sasa mwenye kuleta kazi hupewa dakika 15, wala si zaidi, na jambo la kwanza analotaja ni udhaifu wa vipimo vyake. Akimaliza, anayesema kwanza ni mdogo kuliko wote waliomo chumbani, kisha anayemfuata, na mimi husema mwisho. Mtu yeyote ana ruhusa ya kuuliza, "Tumejuaje?" na ni lazima ajibiwe. Ikiwa mtu amekwama kwa Kiingereza, aseme kwa Kiswahili, maana mawimbi ya tetemeko hayana lugha. Na hapana ruhusa ya kumcheka mtu.

Najua wapo wazazi watakaosema, "Huyu anataka watoto wetu wabishane na walimu, adabu iishe." Wahenga nao walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Mimi nawaheshimu wahenga, lakini siku ile ya ramani wazee tulikuwapo wengi, na neno likaharibika, kwa sababu macho yaliyouona ukweli yalikuwa ya mdogo, na mdomo wake tuliufunga. Yule kijana angesema, "Samahani Mwalimu, saa ya kituo kile ilikuwa imechelewa," adabu gani ingevunjika? Angelipinga jambo, wala hangenidharau mimi. Mtoto anayeuacha ukuta uwaangukie wazee wake, huku ameuona ufa, hakuwaheshimu.

Tena sisemi kwamba wadogo huwa na haki daima. Mara nyingi hukosea, na baraza ndilo mahali pa kukosea bila hasara. Mwanafunzi mmoja alituletea kwa furaha matetemeko madogo yaliyotokea karibu kila siku saa sita mchana. Aliyefuata kusema akauliza kwa nini hayatokei Jumapili. Tulipofuatilia, tukakuta ni machimbo ya mawe, ambayo hulipua baruti kabla ya chakula cha mchana. Mwanafunzi yule alijifunza siku ile jambo ambalo nisingeweza kumfundisha kwa hotuba kumi, naye akatoka chumbani akiwa na uso wake mzima, maana hakuna aliyemdhihaki.

Gharama ya desturi hii ipo pia, sitaificha. Vikao vyetu ni virefu kuliko zamani. Baadhi ya wenzangu wakubwa hawakupenda kungoja zamu yao mpaka mwisho, na mmoja aliacha kuja kwa muda. Mimi mwenyewe huuma ulimi mara nyingi, maana ni taabu kukaa kimya unapodhani jibu unalo. Lakini tangu hapo makosa yetu mengi twayakuta chumbani mwetu, kabla hayajafika kwa watu.

Kwa hiyo natoa shauri. Shule yetu ianzishe baraza la sayansi, hata mara moja kwa wiki mbili, siku ya Jumamosi. Halihitaji fedha. Lianze na kipimo cha mvua kilichopo, na dira ya maabara, na daftari moja. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aeleze alichopima, na wa kidato hicho hicho waanze kuuliza, kabla ya wakubwa. Walimu na wakae, wasikilize, waseme mwisho. Nanyi wazazi, mtoto akirudi likizo akawauliza, "Baba, tumejuaje?" au "Mama, nani ameliona hilo?" msimkemee upesi. Kuuliza si ujinga.

Sasa nilipe deni langu. Nilifyeka majani yale kwa sababu nilimcheka mwenzangu darasani. Aliuliza swali ambalo niliona ni la kijinga, nami nikaangua kicheko hata darasa zima likanifuata. Mwalimu wetu wa fizikia hakunipiga wala hakunitukana. Alinipa fyekeo, akaniambia kwamba mwenzangu yule hatauliza tena muhula mzima, na kwamba hasara hiyo ni ya darasa zima. Nilidhani amekasirika bure. Kweli mwenzangu hakuuliza tena, na mimi, pamoja na jasho lote lile, sikuelewa mpaka nilipoona daftari la yule kijana wa betri.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Nawatakieni wanafunzi wote mitihani ya heri, na walimu wetu nawatakia subira.

Mwanafunzi wa Zamani