Ndimu si limau

Neno kokteli limeingia vinywani mwa vijana wetu kwa kishindo. Hakuna harusi wala hafla ya kumuaga mwalimu anayestaafu isiyokuwa na gilasi ndefu iliyopambwa kwa kipande cha tunda na jani bichi. Sina ugomvi na gilasi hiyo. Ninalolalamikia ni kwamba ukimwomba aliyeishika akutajie kwa Kiswahili vilivyomo, atakujibu kuwa ni juisi na majani.

Muhula uliopita niliwapelekea wanafunzi wangu, ambao wanasomea ualimu wa Kiswahili, kikapu chenye machungwa, machenza, ndimu, malimau na danzi moja, pamoja na mafungu matatu ya majani: mnanaa, mrehani na mchaichai. Nikawataka waandike maelezo ya kutengeneza kinywaji kwa vitu hivyo. Chungwa lilitambuliwa na wote. Danzi liliitwa chungwa bovu, mrehani ukaitwa majani ya dawa, na ndimu na limau vikaandikwa kama kitu kimoja. Hawa ndio watakaowafundisha watoto wetu.

Siwacheki, kwa maana nami nilikuwa vivyo hivyo. Nilizaliwa bara, na kwetu kila tunda chachu liliitwa ndimu. Nilikuwa nimekwisha kupata shahada ya uzamifu siku niliposimama sokoni Marikiti, Mombasa, nikaomba ndimu huku nikinyosha kidole. "Hayo malimau, mwanangu," akaniambia mama aliyekuwa akiuza. "Ndimu ni hizi." Hayo, na hizi! Ngeli tunazozikariri darasani zilikuwa zimepangwa pale mezani pamoja na bei zake. Ndimu ni ndogo, ya mviringo, yenye ganda jembamba na ukali wa pekee. Limau ni refu kidogo, lina chuchu na ganda nene. Anayeambiwa akamue ndimu tatu, naye akakamua malimau matatu makubwa, atakuwa ameharibu jagi zima. Kamusi zetu nazo hazimsaidii sana mwanafunzi, kwani aghalabu huridhika kumwambia kwamba jambo fulani ni aina ya tunda au aina ya mmea, basi.

Nyumbani kwangu hufanya hivi. Huchemsha kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji pamoja na mashina mawili ya mchaichai yaliyopondwa. Sukari ikiisha kuyeyuka huepua, nikafunika hadi ipoe, kisha nikachuja. Hiyo ndiyo shira, neno ambalo kila mla kaimati analijua. Hukamua machungwa sita na ndimu tatu, nikatia vijiko vinne vya shira, maji baridi kiasi na barafu. Mnanaa hautwangwi kama kisamvu. Hubonyezwa tu kwa mgongo wa kijiko, kwa sababu mafuta yenye harufu yamo juu juu ya jani, na jani likisagika hutoa uchungu. Mrehani, ambao akina mama wa pwani huutia katika vikuba pamoja na asumini, hupatana zaidi na machenza. Ukipenda balungi, wakumbushe wageni wanaotumia dawa za shinikizo la damu au za kolesteroli wamwulize daktari kwanza, kwani tunda hilo hubadili utendaji wa baadhi ya dawa hizo. Mtu mzima atakaye kuongeza kileo, shauri yake. Jagi langu hunywewa na watoto pia.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina msamiati wa mambo haya ya kisasa. La hasha! Sharubati imetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kunywa, na Waingereza walichota kutoka mzizi uo huo walipotafuta jina la shira yao. Zaidi ya hayo, hoteli za Nairobi huwauzia watalii kokteli ya vodka, ndimu na asali iitwayo dawa, nao hurudi makwao wakilitamka jina hilo bila kulitafsiri. Mgeni haoni haya kuagiza kwa Kiswahili. Mwenyeji ndiye anayeona haya.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unawataka wanafunzi wajifunze kwa kutenda. Basi mwalimu wa Kiswahili asimwachie mwenzake wa kilimo na lishe kazi yote. Tawi la mnanaa likitiwa katika gilasi ya maji huota mizizi baada ya wiki mbili hivi, na kopo la rangi lililotobolewa chini latosha kuwa bustani. Darasa likipanda, likavuna, likakamua na kuandika lilivyofanya, insha hiyo haitakuwa na 'majani' tu.

Wanafunzi wangu wameanza na makopo saba nyuma ya ukumbi wa mihadhara. Mchaichai umekwisha kuibwa mara moja, na kwa jinsi mwizi alivyoyaruka makopo mengine yote, nadhani alijua vizuri anachukua nini.