Mtani Hafungiwi Mlango

Kila jamii iliyo hai ina njia zake za kumwambia mkubwa neno ambalo haliwezi kusemwa mbele yake kwa lugha ya kawaida. Jamii zetu zilikuwa nazo: nyimbo za ngomani, mafumbo, hadithi za sungura na fisi, na zaidi ya zote, utani. Leo njia mojawapo iliyo mpya ni katuni inayotembea na kusema, ile inayoonekana katika televisheni na, siku hizi, hata katika simu ya mkononi. Katuni hiyo inapomgusa kiongozi huwagawa watazamaji wetu, na katika mgawanyiko huo jina la utamaduni hutajwa ovyo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba wanaoikataa kejeli kwa jina la utamaduni wa Mwafrika hawautetei utamaduni huo, bali wanausahau.

Na tuanze na jambo lililotokea. Tarehe 1 Oktoba 2024, gazeti la The Citizen la Dar es Salaam lilitoa mtandaoni filamu fupi ya katuni. Ilimwonyesha mama aliyefanana na Rais wa Jamhuri ya Muungano akitazama televisheni. Kila alipobadili chaneli alikuta watu wakilalamikia ndugu zao waliopotea au waliouawa. Siku iliyofuata Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilisimamisha kwa siku 30 leseni za maudhui ya mtandaoni za kampuni ya Mwananchi Communications, ikisema kwamba maudhui yale yangeweza kudhuru umoja wa kitaifa na amani ya jamii. Kampuni iliiondoa katuni hiyo, ikaeleza kwamba ilitafsiriwa kinyume cha makusudio yake.

Katuni za namna hii hupokewa na makundi matatu. Kundi la kwanza husema kwamba ni utovu wa adabu, kwani mkubwa hachezewi, na kwamba mchezo huu tumeuiga kwa wageni. Kundi la pili husema kwamba katuni ni katuni tu, na mwenye kukasirika ana lake jambo. Kundi la tatu hushangilia kila kinachomchoma mkubwa, liwe la kweli au la uongo, la haki au la dhuluma. Sisi hatumo katika lolote kati ya makundi hayo, lakini ugomvi wetu mkubwa uko na la kwanza, kwa sababu ndilo lenye nguvu ya kufunga milango.

Mtu akitaka kuupima mgawanyiko huu nje ya Dar es Salaam, Tunduma ni mahali pazuri. Mji huu wa Mkoa wa Songwe, mkoa ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, unatazamana na Nakonde ya Zambia. Reli ya TAZARA hupita hapo, na malori yaendayo Lusaka, Lubumbashi na kwingineko hupanga foleni hapo. Tangu mwaka 2019 maofisa wa nchi mbili wanafanya kazi pamoja katika kituo kimoja cha mpakani. Dereva anayengoja nyaraka zake, mchuuzi, mwanafunzi na karani wa forodha wote wana simu mkononi. Kibanda umiza kinachoonyesha mpira jioni huweza kuonyesha vichekesho mchana. Katuni haipangi foleni mpakani, wala haiombi kibali. Basi hapana budi tuulize: mwananchi wa hapo anapocheka, anacheka kwa utamaduni wa nani?

Jibu letu ni kwamba anacheka kwa utamaduni wake mwenyewe. Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili za mpaka ule, na mpaka wenyewe ulichorwa na wakoloni, si na wazee wao. Ng'ambo, nchini Zambia, Wabemba na Wangoni ni watani. Upande wetu, Wangoni na Wahehe ni watani. Na utani huo ulitokana na nini? Aghalabu ulitokana na vita vya karne ya 19. Watu waliopigana kwa mikuki walikubaliana kupigana kwa maneno, ili wajukuu wao wasirudie kumwaga damu. Mtu anayesema kwamba kejeli huvunja amani na ajibu swali hili: mbona wazee wetu waliitumia kejeli kuijenga amani hiyo?

Tuutazame utani kwa makini zaidi, maana wengi hudhani ni mzaha wa kupitisha wakati. Utani una kanuni. Mtani huja msibani, mahali patakatifu kuliko pote, akamwigiza marehemu alivyotembea, alivyosema, hata alivyokuwa mbahili. Huweza kuingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Wafiwa hawamkamati. Wanacheka huku machozi yakiwatoka, na anayekasirika ndiye anayeonekana hakufunzwa. Kumwiga mtu sauti na mwendo ili kuonyesha tabia yake: je, hiyo si kazi ile ile ya mchora katuni? Tofauti ni kwamba mmoja hutumia mwili wake na mwingine hutumia kalamu na kompyuta. Mgeni aliweza kuuona utani huo, R. E. Moreau aliandika juu ya utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940. Ni ajabu kwamba sisi wenyewe ndio tunaousahau tunapoona ukitokea kwenye kioo.

Wala si kweli kwamba taifa letu huru halikupata kuijua katuni ya kejeli. Tangu miaka ya mwisho ya 1960, gazeti la Uhuru, gazeti la chama chenyewe, lilichapa michoro ya Chakubanga iliyochorwa na Christian Gregory, na wasomaji waliona ndani yake visa vya mjini na vituko vya wakubwa wapya. Televisheni ilipokuja, Zanzibar katika miaka ya mwanzo ya 1970 na Bara katika mwaka 1994, wachekeshaji hawakukawia kuifuata. Kundi la Ze Comedy lilianzia EATV, likahamia TBC, televisheni ya taifa, kwa jina la Orijino Komedi. Waliwaigiza viongozi kwa sauti na kwa mwendo, na nchi nzima ikacheka. Taifa halikuvunjika.

Majirani zetu nao wanatupa funzo. Mwaka 2009, mwaka mmoja tu baada ya Kenya kutoka katika umwagaji damu uliofuata uchaguzi, kilianza kipindi cha The XYZ Show, chenye vikaragosi vya mpira vilivyofanana na viongozi wa nchi. Aliyekianzisha ni Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, Mtanzania mzaliwa wa Dar es Salaam. Ni aibu iliyoje kwetu kwamba kijana wetu alipata ng'ambo ya mpaka uwanja ambao nyumbani haukuwapo! Na tusidhani kwamba kukasirika ni ugonjwa wa Afrika. Julai 2025, katuni ya South Park ya Marekani ilipomkejeli Rais Trump, Ikulu ya nchi hiyo ilikibeza kipindi hicho kwamba kimepitwa na wakati kwa zaidi ya miaka 20. Lakini neno lilijibiwa kwa neno, na kipindi kikaendelea. Hatusemi Marekani ni mwalimu wetu. Tunasema kwamba kujibu neno kwa neno ndiyo kanuni ya utani, na kanuni hiyo ilikuwa yetu kabla hatujaisikia redio.

Sasa tuyageukie makundi mawili yaliyosalia, maana nayo yanapotosha. Wanaosema "ni katuni tu" hawajui nguvu ya kalamu. Gazeti la Kangura la Rwanda, lililoanza mwaka 1990, lilitumia katuni pia kupandikiza chuki dhidi ya Watutsi. Mwaka 1994 watu wakauawa kwa mamia ya maelfu. Mhariri wake, Hassan Ngeze, alihukumiwa mwaka 2003 na Mahakama ya Kimataifa iliyokaa hapa hapa Arusha. Hivyo hofu ya amani si hofu ya kupuuzwa. Lakini tuangalie kwa uangalifu: Kangura haikutania. Iliwadhihaki watu kwa nasaba yao, na nia yake haikuwa kuwarekebisha bali kuwaangamiza.

Kutokana na hayo tunapendekeza vipimo vitatu. Kwanza, katuni inapiga tendo au inapiga asili ya mtu? Kumchora kiongozi kama mtu asiyesikia kilio ni kusema juu ya tendo. Kumchora kwa kabila lake, dini yake au jinsia yake ni matusi. Pili, inampiga mwenye nguvu au mnyonge? Mtani hutoza kwa aliye nacho. Tatu, anayepigwa anaweza kujibu? Mwenye serikali ana redio, ana televisheni, ana wasemaji, hakosi jukwaa. Tukiipima katuni ya Oktoba 2024 kwa vipimo hivyo, tunaona ilisema juu ya vilio vya wananchi, ilimwelekea mwenye mamlaka makubwa kuliko wote, na ilikuwa rahisi kuijibu. Jibu bora lingekuwa kuwaeleza wananchi yaliyofanyika juu ya waliopotea. Leseni inaweza kusimamishwa siku 30. Swali la mama anayemtafuta mwanawe halisimamishwi hata siku moja.

Mwalimu Nyerere, alipounda wizara ya utamaduni mwaka 1962, alieleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa. Roho haihifadhiwi kwa kufungiwa kabatini pamoja na ngoma za maonyesho ya sherehe. Utani ukiachwa uwe mapambo ya hotuba za harusi tu, huku ukikatazwa pale penye uzito, tutabaki na ganda lake.

Kwa hiyo walimu wa Songwe na wa mikoa yote wanayo kazi. Wawafundishe wanafunzi tashtiti kama wanavyowafundisha ushairi. Wawape kalamu wachore rushwa ya mpakani, magendo ya usiku, mkubwa anayesinzia mkutanoni, na pia uvivu wao wenyewe darasani. Kisha wavipime vichoro vyao kwa vipimo vile vitatu. Mwanafunzi aliyefunzwa hivyo hatadanganywa na chuki iliyovaa nguo ya mzaha, wala hatatetemeka mbele ya ukweli uliokuja na kicheko. Na viongozi wetu nao, ambao ni wana wa jamii hizi hizi za utani, tunawakumbusha desturi ya nyumbani kwao: mtani akibisha hodi hukaribishwa, hujibiwa, na hupewa chake. Hafungiwi mlango.