Taa za Krismasi za kompyuta zisimeze mtaji wote

Wapo wafanyabiashara wanaovutiwa na zile nyumba za Marekani ambazo taa zake za Krismasi huwaka na kuzima kufuata muziki, wakadhani kinachohitajika ni kununua taa nyingi. Hapo ndipo fedha hupotea.

Nyumba iliyowatia wengi hamu ni ya Carson Williams, mhandisi wa umeme wa mji wa Mason, jimbo la Ohio. Video yake ilisambaa duniani mwaka 2005. Alikuwa na taa 16,000 zilizogawanywa katika njia 88, kila njia ikiongozwa na kompyuta. Ilielezwa kwamba kazi hiyo ilimgharimu dola 10,000 na karibu miezi miwili. Ikumbukwe kuwa huyo ni mtu wa fani.

Katika mtindo ule, kompyuta ilikuwa ikikata na kurudisha umeme wa ukutani wenyewe. Marekani umeme huo ni volti 120. Tanzania ni volti 230, na anayejifunza hana sababu ya kuuchezea. Siku hizi zipo taa ambazo kila moja ina chipu yake ndogo na hubadili rangi peke yake, kwa volti 5 au 12 tu. Anayeanza anunue hizo: waya mmoja wa taa 50, kontrola ndogo na adapta. Programu ya kupangia, xLights, hutolewa bure.

Kinachowaangusha wengi ni adapta. Taa moja ya volti 5 ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote hula takriban miliampea 60, hivyo taa 100 zinataka ampea 6, yaani wati 30. Mtu huunga waya tatu au nne mfululizo, kisha akaona taa za mwisho zinafifia na kuwa nyekundu-nyekundu. Anarudi dukani kugombana na muuzaji bure. Taa hazijaharibika, umeme umepungua njiani. Dawa yake ni kuvuta waya mwingine kutoka kwenye adapta hadi katikati au mwisho wa taa. Adapta nayo isibebeshwe mzigo wake wote: ya ampea 10 ipewe 8, na fyuzi iwepo. Panapokuwa na umbali mrefu, taa za volti 12 zinafaa zaidi.

Desemba kwetu ni msimu wa vuli, kwa hiyo viungio vya nje viwe vya kuzuia maji, na adapta ikae mahali pakavu.

Baada ya hapo kuna gharama isiyoonekana kwenye risiti. Taa zikibadilika mara 20 kwa sekunde, wimbo wa dakika 3 una mabadiliko 3,600 ya kupangwa. Programu husaidia sana, lakini jioni nyingi zitakwisha kwenye wimbo mmoja. Ndiyo maana Wamarekani wenye uzoefu hawangoji Novemba. Huanza mapema katikati ya mwaka.

Wao hufanya kwa kujifurahisha, wala hawajali taa zikikaa stoo miezi kumi na moja. Mfanyabiashara mdogo hawezi kuiga hilo. Waya huo wa taa 50 uangaze dirisha la duka mwaka mzima, au ukodishwe kwenye ukumbi wa harusi, ndipo wa pili ununuliwe. Anayetaka muziki usikike redioni kama kwa Williams aulize kwanza TCRA, kwani masafa yana wenyewe.

Williams mwenyewe alizima taa zake Desemba 2005, baada ya polisi kushindwa kufika upesi kwenye ajali kwa sababu ya msururu wa magari ya watazamaji. Mwenye duka lililo kando ya barabara atazame mapema magari ya watu yatasimama wapi.